Frantz Fanon: Daktari wa Hospitali ya Kutwa

 

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri tumezoea kuletewa wanasiasa na wapigania uhuru. Safari hii nimemchagua mtu ambaye wengi wetu tunamjua nusu tu, naye ni Frantz Fanon. Ukimtaja mbele ya wazee waliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya mwisho ya 1960 na miaka ya 1970, watakueleza habari za ukoloni, mapinduzi, na kile kitabu chake cha mwisho, ambacho Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga walikitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Hayo ni kweli kabisa. Lakini kazi iliyokuwa inamwamsha Fanon asubuhi ilikuwa nyingine. Alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Mimi nasomea afya ya jamii, na kadiri ninavyosoma habari zake ndivyo ninavyoona kwamba huyu Fanon wa wodini ana mengi ya kutuambia sisi tuliopo ughaibuni, pengine kuliko hata yule wa majukwaani.

Alizaliwa tarehe 20 Julai 1925 mjini Fort-de-France, kisiwani Martinique, wakati huo koloni la Ufaransa katika bahari ya Karibi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa forodha na mama yake aliendesha duka, kwa hiyo haikuwa familia ya kulala njaa. Alisoma Lycée Schoelcher, shule ambayo mshairi Aimé Césaire alikuwa mwalimu. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, mwaka 1943, kijana huyu akiwa na miaka 17 alitoroka kisiwani ili akajiunge na jeshi la Ufaransa Huru. Alipigana Ulaya, akajeruhiwa Alsace mwaka 1944, akapewa nishani ya ushujaa. Alikwenda vitani akiamini anatetea uhuru wa binadamu wote. Huko jeshini akakuta askari wanapangwa kwa rangi ya ngozi, hata wanapokufa pamoja.

Baada ya vita alirudi Ufaransa kama mwanafunzi, akaishia Lyon kusoma udaktari. Hapo ndipo, ndugu zangu, naanza kumwona kama mmoja wetu: kijana mweusi, mbali na nyumbani, anasoma kwa lugha ya watu, na kila akipita barabarani anakumbushwa kwamba yeye ni mgeni. Tofauti ni kwamba yeye aliichukua hali hiyo akaigeuza kuwa somo. Mwaka 1952 alichapisha kitabu chake cha kwanza, kuhusu mtu mweusi anayelazimika kuvaa sura ya mweupe ili akubalike. Maandishi hayo alikuwa amekusudia kuyatoa kama tasnifu yake ya udaktari, yakakataliwa. Ilibidi aandike nyingine, ya kitaalamu tupu, kuhusu ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ndipo akahitimu mwaka 1951.

Mwaka huo huo wa 1952 aliandika makala nyingine ambayo haisemwi sana. Lyon ilikuwa na vibarua wengi kutoka Algeria na nchi jirani. Walikuwa wanakwenda kwa daktari wakilalamika maumivu: tumbo, mgongo, kichwa, mwili mzima. Daktari anapima, haoni kitu. Basi anahitimisha kwamba huyu ni mvivu, anataka siku za mapumziko tu, ndivyo walivyo hawa. Fanon akasema hapana. Mtu huyu hana mke karibu wala mtoto, analala chumba cha kusongamana, kazini anadharauliwa, na akirudi kwao si mtu wa kwao tena. Maumivu yake ni ya kweli, ila daktari ametoa hukumu kabla ya kusikiliza.

Hebu tujitazame sisi. Mswahili akizidiwa hasemi ana sonona. Atasema moyo mzito, kichwa kinauma, mwili unawaka moto, usingizi hauji. Ukienda na maneno hayo kwa daktari mwenye dakika kumi na tano, utatoka na vidonge vya kichwa. Fanon aliliona tatizo hili zaidi ya miaka 70 iliyopita.

Baada ya kuhitimu alikwenda kufanya kazi hospitali ya Saint-Alban, kusini mwa Ufaransa, chini ya François Tosquelles, daktari wa Kikatalani aliyekimbia Hispania baada ya upande wake kushindwa vitani. Tosquelles alikuwa na mafundisho yaliyoonekana ya ajabu wakati ule: kwamba hospitali yenyewe nayo inaugua. Ukimfungia mgonjwa, ukamnyima kazi, ukamnyima sauti, usishangae akizidi kuharibika. Saint-Alban wagonjwa na wauguzi walifanya mikutano pamoja, walikuwa na gazeti lao, karakana na sherehe. Tiba ilikuwa pamoja na maisha yale yote.

Mwishoni mwa 1953 Fanon alipangiwa hospitali ya Blida-Joinville nchini Algeria. Ili tuelewe alichokikuta, lazima niseme kidogo juu ya utaalamu uliokuwa unatawala Afrika. Kule Algiers, Profesa Antoine Porot na wanafunzi wake walikuwa wanafundisha kwamba ubongo wa Mwafrika Kaskazini ni wa kizamani kwa maumbile. Na Wakenya mnisikilize hapa: kwenu alikuwepo J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathare, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu ambamo anamlinganisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha kazi yake nyingine iliyoifanya Mau Mau ionekane ni ugonjwa wa akili badala ya madai ya ardhi. Fanon alimsoma Carothers, na katika kitabu chake cha mwisho akamjibu kwa jina. Sasa niambie, kama daktari anaamini kwamba huna ubongo kamili, atakaa na wewe saa nzima mzungumze nini?

Blida alipewa wodi mbili: moja ya wanawake 165 wa Kizungu, nyingine ya wanaume Waislamu 220. Akaanza yale yale ya Saint-Alban. Mikutano, gazeti, filamu, muziki, kazi za mikono, sherehe. Kwa wanawake wa Kizungu mambo yakaenda vizuri, wodi ikachangamka ndani ya miezi michache. Kwa wanaume Waislamu yalikwama kabisa. Mikutanoni watu walikaa kimya. Kusuka vikapu hawakutaka. Filamu hazikuwagusa.

Hapa ndipo ninapomheshimu sana mtu huyu. Ilikuwa rahisi kusema, mnaona, Porot alikuwa sahihi, hawa hawatibiki kwa mazungumzo. Yeye na mwanafunzi wake Jacques Azoulay walikaa chini, wakaandika wazi wazi, mwaka 1954, kwamba wameshindwa, na kwamba kosa ni lao. Walikuwa wamechukua maisha ya Ufaransa wakayamwaga juu ya watu wa Algeria, wakategemea yaote. Mwanaume wa kijijini hawezi kuona maana ya kusuka vikapu ikiwa kwao hiyo ni kazi ya wanawake. Sherehe isiyo na jina katika kalenda yake si sherehe. Gazeti halimfai asiyejua kusoma.

Wakabadilisha. Wakafungua mkahawa wa Kiarabu ndani ya hospitali, wanaume wakae wanywe kahawa wapige soga. Wakaanza kuadhimisha sikukuu za Kiislamu. Wakamleta msimulizi wa hadithi, maana huko hadithi husikilizwa. Wakapata uwanja wa mpira na bustani ya kulima. Wodi ikaanza kuongea.

Suala la lugha nalo halikumwacha salama. Fanon hakujua Kiarabu wala Kikabili, kwa hiyo alitegemea wauguzi wamtafsirie. Akagundua kwamba mkalimani si bomba la kupitishia maneno tu. Mwaljeria wa wakati ule alikuwa amezoea kumwona mkalimani mahakamani na polisi. Akimwona pembeni ya daktari, anafunga mdomo, anajihisi yuko mbele ya hakimu. Fanon akaanza kujifunza Kiarabu.

Kisha akajaribu na wenzake kipimo kimoja maarufu, kile cha kumwonyesha mgonjwa picha halafu atunge hadithi. Wanawake Waislamu walipopewa picha hizo, wengi walihesabu tu vitu wanavyoviona: mtu, dirisha, kitanda. Mtaalamu mvivu angeandika kwamba hawana ubunifu. Fanon na wenzake wakasema picha zenyewe zimechorwa kwa maisha ya Ulaya. Humo hamna chochote cha kwao, sasa hadithi itoke wapi?

Jambo lingine litawafurahisha watu wa pwani. Alichunguza jinsi Waislamu wa Maghreb wanavyomchukulia mtu mwenye wazimu, akaona kwamba wanasema ni jini limemwingia. Yeye kama daktari hakukubaliana na jini, lakini aliona faida iliyofichika humo: lawama inakwenda kwa jini, si kwa mgonjwa. Haitwi mvivu wala mkaidi, jamaa zake hawamtupi, na akipona anarudi katika nafasi yake bila kunyooshewa kidole. Hapo alisema Ulaya haina haki ya kujivuna sana.

Tarehe 1 Novemba 1954 vita ya uhuru ya Algeria ilianza, na wodi ikabadilika. Mchana Fanon aliwatibu watu waliotoka kuteswa, na mchana huo huo wakaja kwake askari polisi waliokuwa wakitesa, nao hawalali, wanawapiga wake zao na watoto wao. Aliwaandika wote katika kitabu chake cha mwisho, bila majina. Kwa siri alikuwa anawasaidia wapigania uhuru wa FLN. Mwishoni mwa 1956 aliandika barua ya kujiuzulu, akieleza kwamba haiwezekani kumrudisha mtu katika akili timamu ndani ya nchi ambayo inamfanya mwenyeji awe mgeni kwao. Mwezi Januari 1957 serikali ikamfukuza nchini.

Alihamia Tunis, mji mkuu wa Tunisia iliyokuwa imepata uhuru mwaka 1956. Kwa harakati alikuwa msemaji na mwandishi wa gazeti la FLN. Kwa hospitali alikuwa Dokta Fares. Na hapa ndipo alipofanya kazi ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote. Katika hospitali ya Charles-Nicolle, ambayo ni hospitali ya kawaida ya magonjwa yote, alianzisha kituo cha wagonjwa wa akili wa kutwa, miongoni mwa vya kwanza barani Afrika.

Sote tunajua tofauti ya shule ya bweni na shule ya kutwa. Basi hivyo hivyo. Mgonjwa anakuja asubuhi kutoka nyumbani kwake, na nguo zake mwenyewe. Anaonana na daktari, anapata dawa kama anahitaji, anakaa kwenye mazungumzo, anashiriki shughuli pamoja na wengine. Jioni anarudi kwake kulala. Kesho tena.

Utauliza, jipya ni nini hapo? London na Montreal walikuwa wameshajaribu miaka ya 1940. Jipya ni sababu alizozitoa. Katika hospitali ya bweni, alisema, unamtoa mtu kwenye ugomvi wake na mkewe, na baba yake, na bosi wake, unamweka mahali ambapo ugomvi haupo. Anatulia. Unasema amepona. Unamrudisha nyumbani, ugomvi uko pale pale mlangoni unamsubiri, na baada ya mwezi yuko wodini tena. Katika hospitali ya kutwa ugomvi unabaki hai. Yaliyomkuta jana usiku anakuja nayo asubuhi, na daktari anayafanyia kazi yakiwa bado ya moto. Halafu mgonjwa akijua kwamba jioni anaondoka kwa miguu yake, hamwogopi daktari kama mfungwa anavyomwogopa askari jela. Mazungumzo yanakuwa ya watu wawili.

Na alihesabu. Mwaka 1959 alichapisha makala mbili katika jarida la madaktari wa Tunisia, ya pili pamoja na Charles Geronimi, wakieleza wagonjwa waliopita, tiba walizopewa na matokeo. Walitaja faida na mipaka pia, kwani si kila mgonjwa anafaa kulala kwake. Huko ndiko kuboresha huduma ninakokuelewa mimi: unajaribu, unapima, unasema kilichoshindikana, unabadilisha.

Hakuwa malaika, na sipendi kuandika habari za malaika. Alitumia tiba ya mshtuko wa umeme, na ile ya insulini ambayo baadaye udaktari uliiacha. Lakini ndani ya zana za wakati wake, alitafuta namna ya kumwacha mgonjwa abaki mtu.

Mwezi Desemba 1958 alikuwepo Accra kwenye Mkutano wa Watu wa Afrika Yote, mkutano ambao mwenyekiti wake alikuwa Tom Mboya wetu, na Patrice Lumumba alihudhuria. Mwaka 1960 akawa balozi wa serikali ya muda ya Algeria nchini Ghana. Mwisho wa mwaka huo akagundulika ana saratani ya damu. Alipelekwa Urusi ya Kisovieti, akapata nafuu kidogo, akarudi akaandika kitabu chake cha mwisho kwa miezi michache tu. Oktoba 1961 aliletwa hapa Marekani, Bethesda, jimbo la Maryland. Akafia hapo tarehe 6 Desemba 1961, akiwa na miaka 36, amesajiliwa kwa jina la Ibrahim. Alizikwa katika ardhi ya Algeria, miezi saba kabla ya uhuru wake. Hospitali ya Blida leo inaitwa kwa jina lake.

Sasa sisi tufanye nini na habari hizi? Jamani, tuambiane ukweli. Wako wenzetu wanaosoma mchana, usiku wanabeba boksi, ada haijatimia, nyumbani kuna msiba hawawezi kwenda, na hawana wa kumwambia. Tunaanza kusikia fulani haonekani darasani, hapokei simu. Tunasema amerogwa, au kalewa Marekani. Tukija kushtuka, amepoteza muhula, na wakati mwingine viza.

Vyuo vingi hapa vina ofisi ya ushauri nasaha, na hiyo ndiyo hospitali yetu ya kutwa: unakwenda saa moja, unarudi bwenini na maisha yanaendelea. Lakini Fanon anatufundisha kwamba kufika mlangoni peke yake hakutoshi. Uliza vikao ni vingapi na vikiisha utapelekwa wapi. Sema wazi unavyoumwa kwa maneno yako, hata kama ni moyo mzito, na mweleze maana yake. Kama Kiingereza kinakukwaza, omba mkalimani, ila asiwe mjomba wako wala rafiki wa jumuiya. Kama baada ya vikao kadhaa huoni mabadiliko, mwambie, au omba mtu mwingine. Hiyo si utovu wa adabu. Daktari mzuri anataka kujua, kama Fanon alivyotaka kujua kwa nini wodi yake iko kimya.

Na kwa wenye viza ya F-1: sheria inaruhusu kupunguza masomo kwa sababu ya ugonjwa, ukiwa na barua ya daktari au mwanasaikolojia mwenye leseni, na kibali cha ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Kibali kwanza, ndipo upunguze. Ukiacha darasa kimya kimya, hapo umejifunga mwenyewe.

Mwenzako akinyamaza, usingoje apige yeye. Mgongee mlango, mpikie chai, kisha mtembee pamoja hadi kwenye hiyo ofisi. Mngoje nje mpaka atoke.